Andika Ulichokiona: Taarifa ya Tukio Linalomhusu Mtu Mwenye Ulemavu

Katika mitaa ya Rwezamenyo, ambako nyumba zimesongamana kiasi kwamba kikohozi cha jirani husikika ukutani, habari ya mtu aliyeumia haichukui muda kuvuka lango. Mama humweleza jirani, jirani humweleza mkuu wa mudugudu, naye hupiga simu akagari. Na aghalabu habari hiyo inapomfikia askari huwa imekwisha kupita katika vinywa vinne au vitano. Kila kinywa kimeongeza neno na kuondoa jingine. Mtu anayeweza kujieleza husimama mwenyewe na kusahihisha: hapana, sikuanguka, nilisukumwa, hapana, haikuwa jana, ilikuwa juzi. Lakini yupo ambaye hawezi kufanya hivyo kwa urahisi: mtoto mwenye ulemavu wa akili, kijana kiziwi ambaye hakuna nyumbani anayeifahamu Lugha ya Alama, mzee aliyepoteza usemi baada ya kiharusi. Kwa watu hawa, maandishi ya yule aliyekuwapo tukio lilipotokea huweza kuwa ushahidi pekee utakaosalia.

Makala hii inawahusu wale wanaowahudumia watu wenye ulemavu: wafanyakazi wa vituo vya kutwa, wasaidizi wa nyumbani wanaolipwa, wajumbe wa Inshuti z'Umuryango, wahudumu wa afya wa jamii, na zaidi ya wote mama, dada na bibi ambao hawalipwi na yeyote na hawajawahi kukabidhiwa fomu. Taarifa ya tukio haihitaji fomu. Karatasi ya daftari la shule inatosha, mradi iandikwe mapema, na iandikwe na yule aliyeona kwa macho yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa miaka 24 mwenye ulemavu wa akili, tumwite M., huletwa kila asubuhi katika kituo cha kutwa. Siku moja mhudumu anaandika hivi:

"Jana M. alikuwa mkaidi kama kawaida yake. Alianguka akaumia mkono. Inaonekana kaka yake ndiye anayempiga kwa sababu ni mlevi. Tunaomba polisi wachukue hatua."

Taarifa ya namna hii hutolewa kwa nia njema kabisa, na bado huweza kuiharibu kesi kabla haijaanza. "Jana" ni lini? Karatasi ikisomwa baada ya wiki tatu neno hilo halina maana. "Mkaidi" ni hukumu, tena ni hukumu dhidi ya aliyeumia. "Alianguka": nani alimwona akianguka? Na kama alianguka, kaka amepigaje? Mwandishi ametoa sababu mbili zinazopingana katika mistari miwili, wala hakushuhudia hata moja. Wakili wa mtuhumiwa hatahitaji kufanya kazi kubwa. Na ikiwa kaka hana hatia, amekwisha kuitwa mpigaji na mlevi katika karatasi yenye sahihi, ilhali aliyempiga M. anaendelea kuishi naye kwa utulivu.

Sasa mhudumu yuleyule aandike tena:

"Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa 3:10 asubuhi (09:10). Mimi ndiye niliyekuwa zamu. M. aliletwa mlangoni na jirani yao. Nilipomsaidia kuvua sweta niliona alama mbili za rangi ya zambarau upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa sarafu ya faranga 100. Nilipogusa karibu nazo alivuta mkono na kulia. Nilimwuliza: 'Mkono umepatwa na nini?' Alijibu: 'Yankubise.' Nikauliza: 'Nani?' Alitazama chini, hakujibu. Sikuuliza zaidi. Ijumaa tarehe 28 Februari, saa 10 jioni (16:00), nilimsaidia kubadili nguo na alama hizo hazikuwapo. Sijui zimetokana na nini. Saa 3:25 (09:25) nilimjulisha msimamizi kwa simu, na saa 4 kamili (10:00) tuliondoka naye kwenda kituo cha afya."

Hakuna neno lolote la kumshutumu mtu, na bado taarifa hii ina nguvu mara kumi ya ile ya kwanza. Sentensi kuhusu Ijumaa peke yake imempunguzia mpelelezi kazi ya siku nyingi: anajua kwamba jambo lilitokea kati ya Ijumaa jioni na Jumanne asubuhi, hivyo ataanza na waliokuwa na M. katika muda huo. Mahali pa alama pametajwa kwa namna ambayo daktari anaweza kupaelewa. Rangi imetajwa bila kukisia umri wa jeraha, nalo ni jambo la busara, kwa kuwa hata madaktari hawawezi kutegemea rangi ya mchubuko kuhesabu siku. Kisha kuna maneno "sijui zimetokana na nini". Wahudumu wengi huona aibu kuyaandika wakidhani yanawaonyesha kuwa wazembe. Kinyume chake, anayekiri asichokijua huaminika zaidi katika kile anachosema anakijua.

Je, mhudumu afiche wasiwasi wake? La. Aache nafasi, aandike chini yake "Maoni yangu", kisha aeleze wasiwasi pamoja na msingi wake: kwamba tangu mwezi Januari M. amekataa mara tatu kurudi nyumbani siku ya Ijumaa, na tarehe ni hizi na hizi. Kosa linalozuka kila mara ni kuyachanganya maoni na maono katika sentensi moja, hata msomaji ashindwe kujua ni lipi lilionekana na ni lipi lilidhaniwa.

Tazama tena lile neno "Yankubise". Mhudumu ameliacha katika Kinyarwanda kama lilivyotamkwa, na amefanya vyema kuliko anavyojua. Katika mtaa kama huu, tukio huweza kusimuliwa kwa Kinyarwanda, likaandikwa kwa Kiswahili, kisha likafupishwa kwa Kiingereza au Kifaransa katika ripoti ya shirika linalokifadhili kituo. Kinyarwanda kinaposema "yankubise", na Kiswahili kinaposema "alinipiga", hakuna kinachotaja kama mpigaji ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza na Kifaransa humlazimisha mfasiri achague, naye mara nyingi huchagua mwanamume bila hata kufikiri. Tangu hapo faili zima linamtafuta mwanamume. Hivyo basi, maneno ya mhusika yaandikwe katika lugha aliyoitumia, ndani ya alama za kunukuu, hata yakiwa neno moja, hata yakiwa na makosa ya sarufi. Tafsiri ifuate pembeni. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za nchi hii tangu mwaka 2017, na hakuna sababu ya mtu kuchelewesha taarifa akisubiri anayejua kuandika lugha nyingine.

Swali nalo liandikwe, si jibu tu. "Kaka alikupiga, sivyo?" ni swali lililobeba jibu lake, na watu wengi wenye ulemavu wa akili, waliozoea tangu utotoni kuwakubalia wakubwa, watasema ndiyo. Wataulizwa na mwingine kama ni shangazi, watasema ndiyo pia. "Niambie ilikuwaje" ni swali salama zaidi. Akisha kusema kiasi kinachotosha kujua kwamba yuko hatarini, mhudumu anyamaze. Mahojiano ni kazi ya wapelelezi waliofunzwa. Mtu aliyehojiwa na mama, msimamizi, mchungaji au imamu, na majirani watatu kabla ya kufika kwa mpelelezi huwa amechoka, na maelezo yake huwa yamekwisha kuchukua sura ya maswali aliyoulizwa.

Kwa asiyetumia maneno kabisa, mwandishi aeleze mwili ulivyofanya: alielekeza kidole mlangoni, alifunika kichwa kwa mikono miwili mtu fulani alipoingia, alikataa kuketi. Kijana kiziwi aliyekuzwa nyumbani bila Lugha ya Alama ya Rwanda huwa na ishara zake zinazoeleweka na watu wachache wa nyumba hiyo. Mwendo wa mikono uelezwe kama ulivyoonekana, kisha, kwa sentensi nyingine, aandikwe aliyeutafsiri na tafsiri aliyotoa. Ndugu anayetafsiri anaweza kuwa msaada mkubwa, na anaweza kuwa ndiye mwenye jambo la kuficha. Mwandishi hana haja ya kuamua ni lipi kati ya hayo. Atakuwa amemwachia mpelelezi njia ya kurudi na mkalimani mwingine.

Muda unahitaji uangalifu wa pekee katika jamii yetu. Sisi tunaposema saa mbili usiku, saa ya ukutani na mashine za hospitali husema 20:00. Taarifa inayosema "saa mbili" bila kuongeza neno imewahi kusomwa kuwa 02:00, yaani tofauti ya saa kumi na nane au sita kutegemea upande unaohesabu, na mtu mwenye hatia huhitaji pungufu ya hapo kujitetea. Andika saa ya Kiswahili pamoja na ya tarakimu ishirini na nne, kama alivyofanya mhudumu wetu. Upo mtego wa pili, ulio hatari kwa kuwa hauonekani. Wazee wengi wa Biryogo na Nyamirambo, wakifuata hesabu ya Kiislamu ambamo siku huanza jua linapozama, husema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Kijana wa ofisini akisikia maneno hayohayo huandika Ijumaa usiku. Saa ishirini na nne zimepotea, na wote wawili wamesema kweli. Andika "Alhamisi usiku wa kuamkia Ijumaa", pamoja na tarehe zote mbili.

Kuna pia maneno ya kila siku yanayotatanisha. "Ameanguka" huweza kumaanisha aliteleza bafuni au alishikwa na kifafa, na hatua za kuchukua ni tofauti kabisa. Kwa kifafa, andika saa degedege lilipoanza na lilipokoma, sehemu ya mwili iliyotangulia kutikisika, kama alijigonga, na kama alikuwa amemeza dawa zake siku hiyo. Degedege likipita dakika tano, weka kalamu chini upige 912. "Amelala" huandikwa kwa mtu aliyesinzia, na huandikwa vilevile kwa aliyepoteza fahamu. "Amechanganyikiwa" halimwelezi mtu yeyote. Ama maneno kama "bubu", "kichaa" na "kilema", mbali na kudhalilisha, hayana taarifa ndani yake: kiziwi anayesoma na kuandika huweza kutoa maelezo yake mwenyewe kwa kalamu, lakini anayesoma neno "bubu" hatafikiria hata kumpa karatasi.

Matukio ambayo mtu mwenye ulemavu ndiye aliyempiga mwingine au kuvunja kitu huandikwa vibaya kuliko yote. Taarifa huanza na kofi, kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni. Nusu saa iliyotangulia ndiyo yenye maelezo: kelele zilikuwaje, alikuwa amekula, nani alimshika, alinyimwa nini, alikuwa akiuma kidole au kushika sikio kama mtu mwenye maumivu ya jino. Kisha kilichofuata: nani alimtuliza, kwa njia gani, na kama alishikwa kwa nguvu au kufungiwa, ni nani aliyefanya hivyo na kwa dakika ngapi. Tunafahamu kwamba wapo wazazi hapa mtaani wanaofunga mlango kwa kufuli wanapokwenda kutafuta riziki, kwa kuwa hakuna wa kumwachia mtoto. Kuliandika jambo hilo ni namna ya kulifikisha kwa umurenge na kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ili msaada utafutwe. Likifichwa, litajulikana siku ya moto.

Mhudumu huandika pia makosa yake mwenyewe. Dawa iliyosahauliwa, maji ya moto yaliyoachwa karibu, dakika kumi za kuzungumza kwenye simu wakati mtoto akitoka langoni. Ni vigumu, hasa kwa anayeogopa kupoteza kazi, na wasimamizi wanaomfukuza mtu kwa kusema kweli hujipatia daftari safi lisilo na maana yoyote.

Wapo wanaosema kwamba taarifa ndogondogo ni kupoteza karatasi. Mfano wa kuwajibu unatoka mbali, katika nchi tajiri yenye fomu za kila namna. Karibu na mji wa Bristol, Uingereza, palikuwa na hospitali binafsi iliyoitwa Winterbourne View, iliyohudumia watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2011 televisheni ya BBC ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri za wahudumu wakiwapiga na kuwatesa wagonjwa. Watu 11 walitiwa hatiani na 6 kati yao walifungwa mwaka 2012. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba karatasi hazikukosekana. Halmashauri ya eneo hilo ilikuwa imepokea tahadhari 40 tangu mwaka 2008, polisi walikuwa na matukio 29, na hospitali yenyewe ilikuwa imeandika mara 379 za kuwashika wagonjwa kwa nguvu katika mwaka 2010 pekee. Kila karatasi ilisomwa peke yake, ikaonekana jambo dogo, ikawekwa. Hakuna aliyezipanga zote mezani. Polisi nao walikuwa miongoni mwa waliosoma hivyo, na sisi wa kazi hii hatupaswi kuuruka mstari huo.

Kwa hiyo taarifa ziwekwe katika daftari moja lenye kurasa zilizohesabiwa, zikifuatana kwa tarehe, na angalau mara moja kwa mwezi mtu mmoja azisome zote kwa mkupuo akiuliza: ni siku zilezile? ni zamu ileile? ni mtu yuleyule anayeumia? Kosa la kalamu likatwe kwa mstari mmoja unaoruhusu neno la awali kusomeka, na sahihi ndogo iwekwe pembeni. Wino mweupe huzua shaka hata pale ambapo hapakuwa na hila. Lililokumbukwa baadaye liongezwe kwa tarehe ya siku lilipoongezwa, wala lisichomekwe katikati ya mistari.

Unyanyasaji wa kingono una utaratibu wake, na hapa haraka hutangulia kalamu. Mhusika asioge na asibadilishe nguo kabla ya kupimwa. Nguo zilizokwisha kuvuliwa zitiwe katika mfuko wa karatasi, ambao tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2008 hupatikana katika kila duka. Unyevu hauozeshi ushahidi ndani yake kama ambavyo ungefanya ndani ya plastiki. Afikishwe haraka katika kituo cha Isange, huduma iliyoanza mwaka 2009 katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru na sasa iko katika hospitali za wilaya, ambako daktari, mshauri nasaha na mpelelezi hupatikana mahali pamoja bila malipo. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndivyo bora. Mhudumu aandike alichoona na alichosikia akiwa njiani au akisubiri, wala asichelewe kuondoka kwa ajili ya kuandika. Familia ikitaka "kulimaliza nyumbani", aliyeombwa kunyamaza aandike pia kwamba aliombwa, na nani, na lini.

Taarifa ikiwa tayari, si mali ya mtaa. Sheria ya mwaka 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi inahesabu hali ya afya kuwa miongoni mwa mambo nyeti. Picha ya jeraha haitumwi katika kundi la simu la isibo, hata kwa kichwa cha "tumwombee". Nakala moja ibaki kwa mwandishi au kituoni, nyingine iende kwa wahusika.

Wahusika ni nani? Hatari inayoendelea hupigiwa polisi 112. Upelelezi wa makosa, tangu sheria ya mwaka 2017, ni kazi ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, simu 166. Ukatili wa kijinsia una simu ya polisi 3512, na mtoto akihusika ni 116. Namba hizi hupigwa bila malipo. Rwanda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 13 inadai watu hao wafikie haki sawa na wengine na ya 16 inadai walindwe dhidi ya unyonyaji na ukatili. Kwa hiyo asiyeweza kupiga simu au kuzungumza ana haki ya kupokelewa kwa njia anayoiweza, na anayemsindikiza asisite kulisema hilo mezani.

Unapokabidhi karatasi, mwombe anayeipokea aandike jina lake, tarehe na saa katika nakala yako, kisha umwulize utarudi lini kupata jibu. Siku hiyo nayo iandike.